Redio ya Gari Isiyozimika: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Redio za magari ya zamani zilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha, na dereva alipokirudisha kushoto hadi mwisho, umeme wa redio ulikatika papo hapo. Katika gari la sasa kitufe hicho hakikati umeme. Kinapeleka agizo kwa kompyuta ndogo iliyo nyuma ya skrini, na kompyuta hiyo ndiyo inayoamua kama itanyamazisha spika tu, itazima na skrini, au italala kabisa. Ndiyo maana lalamiko moja la kwamba redio haizimiki huweza kubeba matatizo matatu yasiyohusiana: sauti isiyonyamaza, skrini isiyozima, na umeme unaoendelea kuliwa baada ya gari kufungwa. Mwenye tatizo la kwanza mara nyingi anahitaji kurekebisha mipangilio tu, na wa pili kwa kawaida hana ubovu wowote. Wa tatu ndiye anayepaswa kuharakisha, kwa kuwa betri yake inaisha kidogo kidogo kila usiku.

Kabla ya kugusa waya wowote, simamisha gari mahali tulivu na ulichunguze kwa mpangilio. Zima redio injini ikiwa inanguruma, uone kilichobaki. Kisha zima injini, lakini usifungue mlango. Kisha fungua mlango wa dereva. Mwisho, funga gari kwa rimoti, ukae nje dakika chache ukitazama kupitia kioo. Hatua ambayo redio inanyamaza, au inakataa kunyamaza, inakupeleka moja kwa moja kwenye kundi la sababu zinazohusika.

Nasisitiza jambo moja mapema, kwa sababu limewagharimu wengi: usianze kwa kuchomoa terminali ya betri. Redio nyingi zenye ramani katika magari yaliyotumika kutoka Japani hujifunga umeme unapokatika, kisha hudai kadi ya SD ya ramani au neno la siri ambalo mmiliki wa kwanza hakuliacha. Aliyetaka kunyamazisha redio anajikuta na skrini iliyofungwa, na anamlipa mtu wa kuifungua.

Sauti inabaki au inajirudia

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba redio haikuzimwa, imenyamazishwa. Katika magari mengi, kubonyeza kitufe cha sauti mara moja kwa haraka hunyamazisha tu, na ukigusa sauti tena, hata kwa bahati mbaya kwenye usukani, redio inaamka. Jaribu kukibonyeza na kukishikilia kwa sekunde mbili au tatu, maana katika mifano mingi huko ndiko kuzima kwenyewe. Usishikilie kwa muda mrefu zaidi ya hapo bila sababu, kwa kuwa sekunde kumi na kuendelea kwa kawaida huuwasha mfumo mzima upya.

Kwenye redio za Kijapani za Toyota, bonyeza kitufe cha AUDIO kwanza, kisha utafute sehemu iliyoandikwa OFF kwenye skrini. Wasiosoma Kijapani wanachanganywa zaidi na kitufe kilichoandikwa 画面消. Hicho huzima skrini peke yake, na sauti inaendelea kutoka gizani. Maandishi 電源 ndiyo yanayohusu umeme wa chombo chenyewe. Ukizikariri alama hizo mbili, nusu ya usumbufu imeondoka.

Dalili ya pili ni redio iliyozimwa inayoanza kupiga muziki mara tu unapoingia na simu yako. Hapo mwenye kosa ni simu. Gari linapoitambua simu kwa Bluetooth, huiagiza simu hiyo ianze kucheza muziki, na simu inatii. Katika simu ya Android, fungua mipangilio ya Bluetooth, uguse jina la gari lako, uondoe ruhusa ya sauti ya muziki na kubakiza ya mazungumzo. Anayetumia Android Auto atakuta ndani ya mipangilio yake kipengele cha kuruhusu muziki uanze wenyewe, na akizime. Kwa mwenye iPhone, njia nyepesi ni kulipitia gari lenyewe: katika orodha ya simu zilizounganishwa, magari mengi hukuruhusu kuchagua simu itumike kwa kupiga na kupokea tu.

Kinyume chake pia hutokea, nacho hukera zaidi. Ulikuwa unasikiliza simu, umeshuka nayo dukani, na abiria aliyebaki ndani anapigwa na mshindo wa mikwaruzo. Mfumo ukikosa chanzo cha sauti hurudi kwenye chanzo cha mwisho ulichokitumia, ambacho mara nyingi ni FM. Redio za zamani kidogo za Japani hupokea masafa ya 76 hadi 90 MHz, wakati stesheni za Kenya na Tanzania ziko kati ya 87.5 na 108 MHz, kwa hiyo sehemu kubwa ya masafa ya redio hiyo hayana kitu kwetu ila mikwaruzo. Kama hutumii FM kabisa, chagua AUX (tundu la kuchomeka waya wa sauti) isiyochomekwa kitu kabla ya kuunganisha simu. Mfumo utakaporudi nyuma, utarudi kwenye ukimya. Ni suluhisho ambalo halina ufundi wowote, lakini linafanya kazi kwenye redio nyingi zenye AUX.

Wasomaji walioko Uingereza, Ujerumani na kwingineko Ulaya wana sababu nyingine isiyotusumbua Afrika Mashariki. Huko stesheni hurusha ishara ya taarifa za barabarani, na redio ikiipokea hukatiza ulichokuwa ukisikiliza, na katika magari mengi hujipandishia sauti hata kama umeishusha hadi mwisho. Tafuta kitufe au mpangilio ulioandikwa TA, ukizime, kisha uangalie kama kuna mpangilio kama huo upande wa redio ya kidijitali, kwa sababu kuzima kimoja si lazima kuzime kingine.

Hakikisha pia kwamba unachosikia ni redio. Sauti ya mwelekezaji wa ramani ina kiwango chake chenyewe, na hushushwa wakati inapoongea, si wakati imenyamaza. Mlio wa mkanda wa kiti na wa sensa za kuegesha, hasa katika magari ya kampuni ya General Motors, hupita kwenye spika zilezile za redio, na haukusudiwi kuzimika.

Sauti imezimika lakini skrini inawaka

Hapa nitapita haraka. Skrini ya gari jipya inabeba saa, ramani, kiyoyozi na kamera ya nyuma, kwa hiyo watengenezaji hawakubali izimike pamoja na redio. Nchini Marekani, tangu Mei 2018, magari mapya madogo yanalazimika kisheria kuwa na kamera ya nyuma, na picha yake inapaswa kutokea unapoweka gia ya kurudi nyuma hata kama redio imezimwa. Katika Tesla hakuna kitufe cha kuzima redio hata kidogo. Unabonyeza gurudumu dogo la kushoto kwenye usukani, na sauti inanyamaza au muziki unasimama, basi.

Kama mwanga unakuumiza macho usiku, tafuta katika mipangilio ya mwonekano sehemu ya kuzima skrini au kupunguza mwanga. Angalia pia kama taa za mbele zikiwashwa skrini inafifia. Isipofifia katika redio iliyofungwa na fundi, waya wa rangi ya machungwa unaoleta taarifa ya taa haujaunganishwa.

Injini imezimwa, redio inaendelea

Katika magari mengi mapya hali hii ni ya makusudi. Umeme wa redio hubakizwa kwa muda ili abiria wamalize kusikiliza au kupandisha vioo. Katika Chevrolet na ndugu zake wa General Motors muda huo hufika dakika 10, au hukoma mara mlango wa dereva unapofunguliwa. Kwa hiyo fungua mlango kwanza. Ikinyamaza, gari lako ni zima.

Isiponyamaza mlango ukiwa wazi, tazama taa ya ndani na alama ya mlango kwenye dashibodi. Kama navyo havibadiliki, swichi ya mlango haifanyi kazi, na gari linaamini kwamba hujashuka. Vumbi na maji ya kuoshea gari ndivyo adui wa swichi hizi. Zile za kubonyea, zilizo kwenye nguzo ya mlango, husafishika kwa urahisi. Zile zilizojengwa ndani ya kitasa mara nyingi hubadilishwa pamoja na kitasa chote.

Gari la kuwashwa kwa kitufe lina mtego wake. Ukizima injini wakati gia haiko kwenye P, gari la Toyota, na mengine mengi ya Japani, haliendi kwenye OFF. Linabaki kwenye ACC, yaani hali ya kuhudumia redio na soketi ya chaja bila injini. Dereva anashuka akidhani amezima kila kitu. Rudi ndani, weka gia kwenye P, kisha bonyeza kitufe tena bila kukanyaga breki. Katika Toyota nyingi, taa ndogo ya rangi ya kaharabu kwenye kitufe ikiwa bado inawaka ujue hujafika OFF.

Kama gia iko kwenye P kwa macho yako na bado gari linang'ang'ania ACC, swichi ndogo iliyo chini ya mkono wa gia ndiyo ya kushukiwa. Isukume gia mbele kwa nguvu kidogo huku mwenzako akibonyeza kitufe. Gari likikubali kuzima wakati huo tu, umekipata chanzo, na hakuna fundi wa redio atakayekusaidia, kwa kuwa kazi hiyo ni ya upande wa gia.

Kwa magari ya funguo, hasa yaliyokwisha kutumika miaka mingi, funguo ikichakaa huweza kuchomoka ikiwa bado kwenye ACC. Kuna kipimo chepesi kisichohitaji kifaa chochote. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ya sigara, kisha ondoa funguo. Katika magari mengi ya Kijapani soketi hiyo iko kwenye njia ileile ya ACC inayolisha redio. Simu ikiendelea kuchaji, njia nzima ina umeme, na kosa liko kwenye swichi ya funguo au rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme). Simu ikiacha kuchaji huku redio ikiendelea kupiga, redio inapata umeme kwa njia nyingine, na sehemu inayofuata inakuhusu. Katika baadhi ya magari ya Ulaya soketi huwa na umeme muda wote, kwa hiyo kipimo hiki hakina maana huko.

Redio iliyofungwa na fundi baada ya gari kununuliwa

Hili ndilo eneo lenye matatizo mengi zaidi mijini kwetu, na ndilo ninaloomba lisomwe kwa makini. Mtu anaagiza gari, redio yake inaongea Kijapani na haipati stesheni, anaiondoa na kuweka redio ya Android yenye skrini kubwa. Redio hiyo inahitaji nyaya mbili za umeme na si mmoja. Waya wa njano unapaswa kuwa na volti 12 muda wote ili kuhifadhi saa, stesheni na mipangilio. Waya mwekundu unapaswa kupata volti 12 pale tu funguo inapofika ACC, na ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Waya mweusi unakwenda kwenye bodi ya gari.

Fundi mwenye haraka huusokota mwekundu na wa njano pamoja. Wakati mwingine ni mteja mwenyewe aliyeomba hivyo ili asikilize mpira bila funguo. Matokeo ni kwamba redio haipati kamwe taarifa ya kulala. Ukiizima kwa kitufe, skrini inakuwa nyeusi, lakini kompyuta ya ndani inabaki macho. Fikiria redio inayovuta ampia 1 katika hali hiyo. Betri ya NS60, ambayo ni ya kawaida kwa magari madogo, ina takriban ampia-saa 45, yaani inaweza kutoa ampia 1 kwa saa 45 hivi. Ukiegesha Ijumaa jioni, Jumapili jioni haina kitu, na stata itakuwa imeshindwa kuzungusha injini muda mrefu kabla ya hapo. Mwenye gari anabusti betri, ananunua nyingine, na hiyo nayo inakufa, kwa sababu mwizi wa umeme bado yuko kwenye dashibodi.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Weka multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye volti za mkondo wa moja kwa moja, kiwango cha 20, ncha nyeusi iguse chuma tupu cha bodi, ncha nyekundu iguse waya mwekundu wa redio. Funguo ikiwa nje, mita isome sifuri. Ikisoma 12, waya huo umeungwa mahali pasipostahili. Upeleke kwenye waya wa ACC uliokuwa ukilisha redio ya awali, na usiutafute kwa rangi peke yake, kwa sababu rangi za nyaya za gari hazifanani na rangi za nyaya za redio. Upime kwa mita: ule usio na umeme funguo ikiwa nje, na wenye umeme funguo ikiwa ACC, ndio wako.

Redio inayozimika vizuri lakini inasahau saa na stesheni kila asubuhi ina kosa la kinyume: njano na mwekundu zimebadilishana nafasi. Hutokea sana kwenye Volkswagen, ambako nafasi za nyaya hizo mbili katika soketi haziko kama magari mengine yalivyo. Zaidi ya hayo, Volkswagen nyingi za karibuni hazina waya wa ACC unaofika kwenye redio. Taarifa ya funguo husafiri kama ujumbe wa kidijitali kwenye mtandao wa CAN, unaounganisha kompyuta za gari. Redio ya kigeni inahitaji kisanduku cha kutafsiri ujumbe huo, na kisanduku kibaya huiacha redio ikiwaka baada ya funguo kuondolewa. Kubadili nyaya hakutasaidia hapo. Kinachohitajika ni kisanduku cha aina sahihi kwa gari hilo, au waya mwekundu kupelekwa kwenye fyuzi inayopata umeme funguo ikiwashwa tu.

Nyaya zikiwa sahihi na bado redio inakula umeme, ingia kwenye mipangilio yake. Redio za Android huwa na chaguo la muda wa kulala, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kubaki katika usingizi mwepesi kwa muda mrefu ili ziwake haraka. Chagua izime kabisa mara ACC inapokatika. Itachelewa kuwaka asubuhi, na mimi naona kuchelewa huko ni bei ndogo ya kulipa. Gari lenye amplifaya (kikuza sauti) liangaliwe pia waya wa bluu wenye mstari mweupe, unaoiamsha amplifaya. Ukiwa umeungwa kwenye umeme wa kudumu, spika zitaendelea kutoa mvumo mdogo hata redio ikiwa imekufa.

Kupima kama redio ndiyo inayomaliza betri

Funga gari, uliache saa nzima ili kompyuta zake zote zilale. Kwa magari mengi, mkondo unaobaki baada ya hapo unapaswa kuwa chini ya miliampia 50. Njia inayofundishwa mara nyingi ni kuchomoa terminali hasi na kupitisha umeme ndani ya mita, lakini kama nilivyokwisha kusema, hilo huweza kuifunga redio. Njia salama zaidi ni kupima fyuzi bila kuzichomoa. Juu ya fyuzi nyingi kuna vidoa viwili vya chuma. Weka mita kwenye milivolti, gusa vidoa hivyo viwili. Mita ikisoma sifuri, hakuna umeme unaopita. Ikisoma chochote kingine, kuna kitu kinachokunywa kupitia hapo. Ukipata usomaji kwenye fyuzi ya redio huku nyingine zikiwa kimya, huna haja ya kubahatisha tena.

Skrini imeganda na haisikii vitufe

Ikiwa kitufe hakifanyi chochote, programu imekwama. Iwashe upya: kwa Toyota na Volkswagen nyingi, shikilia kitufe cha kuwashia redio kwa sekunde kumi au zaidi hadi skrini iwe nyeusi. Kwa Ford zenye mfumo wa skrini uitwao SYNC 3, shikilia kitufe hicho pamoja na cha kutafuta stesheni kwenda mbele. Kwa Tesla, shikilia magurudumu madogo yote mawili ya usukani. Fanya hivyo gari likiwa limesimama, kwa sababu kamera na milio ya tahadhari hukosekana hadi mfumo urudi.

Mara chache kuwasha upya hakutoshi. Mapema mwaka 2022, katika eneo la Seattle nchini Marekani, magari ya Mazda ya miaka 2014 hadi 2017 yaliganda kwenye stesheni ya KUOW, 94.9 FM. Stesheni ilikuwa imerusha kwa njia ya kidijitali faili za picha ambazo majina yake hayakuwa na kiambishi cha aina ya faili. Kompyuta ya redio ilishindwa kuzisoma, ikawa inajizima na kujiwasha bila kikomo, na wenye magari hawakuweza kuhama stesheni. Dawa ilikuwa kubadilishiwa kifaa kizima. Kwa hiyo ukiona skrini inayojiwasha yenyewe tena na tena hata baada ya kushikilia vitufe, acha kuipa shida. Ulizia kwa wakala kama kuna toleo jipya la programu, au kama kifaa hicho kina mpango wa kubadilishwa.

Unapolazimika kukata umeme

Ikiwa ni usiku, betri inaisha na hakuna lililofaulu, chomoa fyuzi ya redio. Mchoro ulio nyuma ya kifuniko cha kisanduku utaionyesha kwa jina kama RADIO, RAD au AUDIO. Redio huwa na fyuzi mbili, moja ya ACC na nyingine ya umeme wa kudumu, na redio nyingi za kufungwa zina fyuzi yao wenyewe mgongoni au kwenye waya wa njano. Katika Toyota nyingi, kumbukumbu ya redio hulishwa na fyuzi ya DOME, ambayo pia inalisha taa za ndani na saa, kwa hiyo usishangae vikizimika pamoja. Ukiweza, anza na ile ya ACC, kwa kuwa kumbukumbu inabaki na redio haijifungi. Ya umeme wa kudumu iguswe tu ukiwa na neno la siri mkononi na kadi ya SD ya ramani ikiwa bado ndani ya nafasi yake. Fyuzi uliyoichomoa ihifadhi ndani ya kisanduku hichohicho, na umwambie fundi wa umeme wa magari umeitoa wapi kabla hajaanza kufungua dashibodi.